"Iko naamusha tu homoni yako": peptidi za ukuaji zinafanya nini mwilini

Hapa Bukavu nimeisikia Nyawera, nimeisikia Kadutu, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu: "Hii haiko homoni, iko naamusha tu homoni yako." Ndivyo zinavyouzwa peptidi za kuchochea homoni ya ukuaji. Kijana wa sali ya mazoezi anaambiwa zitamjenga misuli. Mama aliyejifungua anaambiwa zitamwondolea tumbo, na mzee anaambiwa zitamrudishia ujana. Maneno hayo yanashika kwa sababu nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayonitia hofu, na ili tuielewe inabidi kwanza tuifuate homoni yenyewe hadi inakotoka.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini ya maharagwe, ya nyama na ya sambaza wa ziwa letu. Mnyororo ukirefuka tunauita protini. Homoni ya ukuaji ina asidi amino 191. Peptidi zinazoichochea ni fupi zaidi: moja ina 44, nyingine 29, nyingine 6 au 5 tu. Hutengenezwa maabara, hukaushwa zikawa unga mweupe ndani ya kichupa, kisha mtumiaji huzichanganya na maji maalumu na kujidunga chini ya ngozi. Karibu zote zinadungwa, kwa sababu zikimezwa tumbo huzivunjavunja pamoja na chakula kingine.

Homoni ya ukuaji hutolewa na pituitari, tezi yenye uzito wa karibu nusu gramu iliyoning'inia chini ya ubongo. Mtu wa Bukavu hahitaji somo refu kujua inavyotoka: hutoka kama maji ya Regideso, shirika letu la maji. Mchana bomba linatoa matone, pengine halitoi kitu. Usiku watu wakiwa wamelala maji yanafika kwa nguvu, bidoni zinajaa, kisha yanakatika. Mkupuo mkubwa kuliko yote huja katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Ila nyumbani kukatika kwa maji ni adha, na mwilini ndiko utaratibu wenyewe. Ini na misuli huitikia kupanda na kushuka kwa homoni. Zile saa za ukavu zina kazi yake.

Bomba hilo lina wa kulifungua na wa kulifunga, na wote wanakaa haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu kidogo ya pituitari. Anayefunga anaitwa somatostatini. Aligunduliwa mwaka 1973 na kundi la Roger Guillemin, Mfaransa mzaliwa wa Dijon aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Salk huko California, ambaye mwaka 1977 alishiriki Tuzo ya Nobel. Ini nalo linasaidia kufunga: likipata homoni ya ukuaji hutengeneza IGF-1, ambayo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukuza, na IGF-1 ikijaa damuni hurudisha taarifa juu kwamba inatosha. Anayefungua, anayejulikana kwa herufi GHRH, alisumbua watafiti kwa miaka mingi. Alipopatikana, mwaka 1982, hakupatikana ubongoni. Alipatikana kwenye uvimbe wa kongosho.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa sababu kinajibu lile neno la "inaamusha tu" kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitoa. Huko Charlottesville, katika jimbo la Virginia, Marekani, mwanamke kijana alikuwa na dalili za akromegali, ugonjwa wa homoni ya ukuaji iliyozidi: mikono na miguu hupanuka, taya husogea mbele, viungo huuma, moyo hunenepa, sukari hupanda. Kwa kawaida chanzo huwa uvimbe katika pituitari, kwa hiyo alipasuliwa hapo. Uvimbe haukuwapo. Kilichokuwapo ni tezi iliyojaa seli za kutengeneza homoni ya ukuaji kupita kiasi, kana kwamba kuna aliyekuwa akizisukuma. Aliyekuwa akizisukuma alikutwa kwenye kongosho: uvimbe uliokuwa ukimwaga GHRH bila kupumzika. Ulipoondolewa, homoni ikarudi kiwango cha kawaida. Kutoka kwenye vivimbe vya namna hiyo, watafiti wa Salk, kundi la Guillemin na lile la Wylie Vale, walifaulu kuusoma mnyororo wa GHRH.

Mwanamke yule hakudungwa homoni ya mtu mwingine. Ilikuwa yake, kutoka kwenye tezi yake, iliyoamshwa tu. Iliamshwa bila kuachwa ilale, na hilo peke yake lilitosha kumbadilisha umbo na kumpa ugonjwa.

Sasa niseme nusu iliyo kweli, maana haki ni haki. Mtu anayejidunga homoni ya ukuaji yenyewe anamimina maji kutoka nje, na hakuna bomba la kufungwa. Anayetumia peptidi ya kuchochea anategemea kile pituitari yake inachoweza kutoa, na somatostatini bado ina nafasi ya kufunga. Kwa hiyo peptidi inayoishi dakika chache mwilini si sawa na homoni yenyewe. Mfano ni sermorelini, yaani zile asidi amino 29 za mwanzo za GHRH, ambazo zinatosha kufanya kazi yote ya mnyororo mzima. Marekani iliiruhusu mwaka 1997 kwa watoto wenye upungufu wa homoni ya ukuaji. Mwaka 2008 mtengenezaji aliiondoa sokoni, na mamlaka ya dawa ya huko baadaye ilithibitisha kwamba sababu haikuwa usalama wala kushindwa kutibu.

Lakini dawa inayoishi dakika chache haimpendezi anayetaka matokeo ya haraka. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoikata GHRH mara tu inapoingia damuni, hivyo wataalamu wa dawa wakaanza kutafuta namna ya kuikwepa. Kampuni ya ConjuChem ya Montreal, Kanada, ilitengeneza CJC-1295, peptidi yenye kiambatisho kinachoitwa DAC kinachoifanya ijishikize kwenye albumini, protini kubwa ya damu, na kusafiri nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: kwa watu wazima wenye afya, sindano moja ilipandisha homoni ya ukuaji mara 2 hadi 10 kwa siku 6 au zaidi, na IGF-1 ikabaki juu kwa siku 9 hadi 11. Mikupuo haikupotea, lakini kiwango cha chini, kile cha saa za ukavu, kilipanda zaidi ya mara 7. Kwa lugha ya Bukavu, bomba halikufungwa tena. Mwaka huo huo majaribio kwa watu wenye VVU yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja kufa kwa mshtuko wa moyo. Daktari wake aliona kwamba dawa haikuwa chanzo, lakini CJC-1295 haikufika kamwe kuwa dawa iliyoidhinishwa.

Na bado ndiyo inayosifiwa kuliko nyingi. Jina hilo hilo hubandikwa pia kwenye peptidi nyingine isiyo na DAC, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya karibu nusu saa. Moja inaisha kabla hujamaliza mazoezi, nyingine inabaki wiki nzima, na muuzaji anasema "CJC" tu. Mtu akipanga dozi ya ile fupi, ya kila siku, huku kichupani mna ile ndefu, anajilundikia dawa mwilini siku baada ya siku bila kujua.

Kuna mlango wa pili, na historia yake imekwenda kinyumenyume. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alikuwa akichezea vipande vya peptidi vinavyofanana na dawa za maumivu ambazo ubongo hujitengenezea, akaona vingine vinaifanya pituitari itoe homoni ya ukuaji. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana GHRP-6, yenye asidi amino 6. Ufunguo ulikuwapo, kitasa hakijulikani. Kitasa, yaani kipokezi, kilipatikana mwaka 1996. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakapata ufunguo wa asili, mnyororo wa asidi amino 28 waliouita grelini. Kiwanda chake kikuu si ubongo, ni tumbo. Grelini ndiyo homoni inayopanda kabla ya chakula na kukuambia una njaa.

Ndiyo maana anayejidunga GHRP-6 huamka usiku akitafuta sufuria ya fufu. Anayeitumia ili apungue ameuziwa kitu kinachomsukuma mezani. GHRP-6 na ndugu yake GHRP-2 zinaweza pia kupandisha homoni nyingine mbili, kotisoli na prolaktini. Ipamorelini, yenye asidi amino 5, iliyotoka katika maabara za Novo Nordisk miaka ya 1990, inachagua vizuri zaidi, na hilo ndilo lililoipa umaarufu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao matumbo yao yalikuwa yamegoma kufanya kazi baada ya upasuaji, haikutoa matokeo ya kutosha, ikaachwa. Halafu kuna MK-677 ya kampuni ya Merck, inayouzwa pamoja na hizi ingawa si peptidi kabisa. Hiyo humezwa.

Tuje kwenye swali la mteja: zinafanya kazi? Jibu linategemea unapima nini. Ukipima damu, ndiyo. Homoni inapanda, IGF-1 inapanda. Lakini hakuna mtu anayetoa dola zake ili karatasi ya maabara ipendeze. Anataka nguvu, au tumbo dogo, au ujana.

Kuhusu tumbo, ushahidi bora ni wa tesamorelini, GHRH kamili yenye asidi amino 44 iliyorekebishwa ili isikatwe haraka. Marekani iliidhinisha mwaka 2010 kwa kundi moja tu: watu wenye VVU ambao mafuta yamejikusanya kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo, tatizo lililowapata wengi katika enzi ya dawa za zamani za kupunguza makali. Katika utafiti wa watu 412, wiki 26 za sindano ya kila siku zilipunguza mafuta hayo kwa asilimia 15 hivi. Ni matokeo ya kweli, na kwa mgonjwa wa aina hiyo ni faraja kubwa. Lakini walioacha sindano mafuta yaliwarudia, na maelezo ya dawa yenyewe yanasema si ya kupunguza uzito. Yanaikataza pia kwa mjamzito na kwa mwenye saratani inayoendelea, kwa kuwa IGF-1 huhimiza seli kugawanyika, na haichagui seli zipi. Mama anayenyonyesha na kuuziwa sindano ya "kurudisha tumbo" anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu nguvu, mambo ni mabaya zaidi. Utafiti wa MK-677 uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watu 65 wenye afya, wa miaka 60 hadi 81. Homoni yao ilipanda hadi kufikia ya vijana, kama matangazo yanavyoahidi. Uzito usio wa mafuta uliongezeka kwa kilo 1.1. Nguvu haikuongezeka. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilipanda, na insulini ikafanya kazi kwa shida zaidi. Utafiti mwingine wa dawa hiyo hiyo, kwa wazee waliovunjika nyonga, ulisimamishwa mapema kwa wasiwasi wa moyo kushindwa. Na huko Sydney, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba hata homoni ya ukuaji yenyewe, ikidungwa kwa wiki 8 kwa watu wanaofanya michezo kwa kujifurahisha, haikuongeza nguvu ya misuli wala pumzi. Kilichoonekana ni nafuu ndogo katika mbio fupi za baiskeli, nayo ikatoweka walipoacha. Misuli iliyoonekana kunenepa ilikuwa na maji mengi. Kijana anayejitazama kwenye kioo cha sali na kuona mikono imejaa hajidanganyi, imejaa kweli. Pete kubana, vidole kufa ganzi asubuhi na vifundo kuuma ni kazi ya maji yale yale.

Nikae kidogo kwenye sukari, kwa sababu hapa kwetu wengi hugundua wana kisukari siku wanapofikishwa hospitali wakiwa hawajitambui. Homoni ya ukuaji hutoa mafuta ghalani ili mwili uyachome, na wakati huo huo huizuia insulini kuingiza sukari kwenye misuli. Kwa mkupuo mfupi wa usiku, ukiwa umelala bila kula, huo ni mpango mzuri: ubongo unabakiziwa sukari, misuli inatumia mafuta. Mpango huo ukiendelea mchana na usiku, sukari inabaki kwenye damu na kongosho linachoka. Mwenye wazazi wenye kisukari, au mwenye kitambi, anaanza safari hiyo akiwa amekwisha kufika katikati.

Na wanaotafuta ujana wawatazame watu wa mkoa wa Loja, kusini mwa Ecuador. Wapo huko wanaozaliwa na kipokezi cha homoni ya ukuaji kisichofanya kazi, na hubaki wafupi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu 99 kati yao: hakuna aliyekuwa na kisukari, na saratani ilionekana kwa mmoja tu. Sisemi ufupi wao ni neema. Maisha yao yana mateso yake. Ila anayeuza homoni hii kama maji ya uzima anapaswa kueleza kwa nini waliokosa kuitikia homoni hiyo wameepushwa na magonjwa mawili tunayoyaogopa sana uzeeni.

Kichupa chenyewe nacho kina maswali. Nyingi za peptidi hizi huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, kwamba ni za utafiti wa maabara na si za binadamu. Mteja wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa hupita hapo bila kusimama. Maandishi hayo humlinda mtengenezaji: hajawajibika kwa usafi, kwa kipimo, wala kwa kuthibitisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Ulizia kama dawa ina idhini ya kuuzwa kutoka ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Halafu fikiria umeme. Unga ukishachanganywa na maji unapaswa kukaa kwenye frigo, kati ya nyuzi 2 na 8. Nani kwetu ana frigo isiyozimika wiki mbili mfululizo? Peptidi iliyoharibika haibadiliki rangi wala harufu. Na kichupa kimoja kinachochovywa sindano za marafiki watatu kinaweza kupitisha VVU na homa ya ini aina ya B, hata kama dawa ilikuwa safi.

Mchezaji wa mpira mwenye ndoto ya kutoka hapa kwenda ligi kubwa ajue pia kwamba shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni linakataza familia hii yote, siku ya mechi na siku isiyo ya mechi. MK-677 imo. Kusema "niliambiwa ni vitamini" hakumwokoi aliyekutwa nayo.

Nimebakiza mtoto mfupi, kwa sababu hapo ndipo ninapoumia. Mzazi anamwona mwanawe amepitwa kimo na wadogo zake, anasikia kuna sindano ya kuamsha ukuaji, na yuko tayari kuuza mbuzi. Asikilize kwanza jambo lililopimwa Cape Town mwaka 1966. Bernard Pimstone na wenzake walichukua damu ya watoto wenye kwashiorkor, ambayo sisi Kivu tunaiita bwaki, wakitafuta homoni ya ukuaji. Mtu angetarajia kuikuta chini. Waliikuta juu. Pituitari ya mtoto wa bwaki haijalala. Iko macho kuliko ya mtoto aliyeshiba. Tatizo liko mbele, kwenye ini: bila protini na nguvu ya chakula halitengenezi IGF-1 ya kutosha, kwa hiyo amri ya kukua inafika na hakuna vifaa vya kuitekeleza. Na kwa kuwa IGF-1 ni kidogo, hakuna anayeirudishia pituitari taarifa ya kufunga. Kumdunga mtoto huyo kichocheo ni kuongeza amri juu ya amri. Anachohitaji ni maharagwe, sambaza, yai, maziwa, dawa ya minyoo, na kutibiwa kuhara. Kule Lwiro, ambako watoto wenye bwaki wametibiwa kwa miaka mingi, kazi huanza kwa chakula.

Wapo pia watoto wachache ambao pituitari yao kweli haitoi homoni. Hao wana dawa, na dawa yao ni homoni ya ukuaji yenyewe, chini ya daktari bingwa. Kumtofautisha mtoto huyo hakuanzi kwa mashine ya gharama. Mama apeleke kadi ya kliniki, mtoto apimwe kimo bila viatu, arudiwe baada ya miezi 6. Kati ya miaka 4 na kubalehe mtoto hukua karibu sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Anayeongeza chini ya hapo mwaka mzima, ingawa anakula vizuri, achunguzwe tezi ya shingo, IGF-1, na apigwe picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Picha hiyo huonyesha kama sahani za ukuaji, zile gegedu kwenye ncha za mifupa, bado ziko wazi. Kwa kijana wa miaka 19 au 20 aliyeniuliza kama sindano itamwongezea kimo, mara nyingi picha huonyesha mfupa umekwisha kuungana, na hapo hakuna peptidi, hakuna kidonge wala homoni itakayourefusha.